Niasini: vitamini isiyokaa mwilini siku mingi

Kule Masisi na Walikale, wanaokimbia vita mara nyingi wanakula bugali tupu. Hapo niasini, ndiyo vitamini B3, inaweza kukosekana. Mwili unaitumia kwa kutoa nguvu katika chakula. Inayozidi, ini linaigeuza na inatoka na mkojo. Akiba ni kidogo. Mahindi yanayo, lakini imefungwa, mwili hauipati vizuri.

Mwaka 1990, kule Malawi, karanga zilikosekana kwenye msaada. Wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 walipata pelagra: ngozi inakuwa nyeusi na kubambuka pale jua linapopiga, kuhara, akili kuvurugika. Isipotibiwa, inaua.

Ukipata, ongeza karanga, maharagi ao sambaza. Ukiona alama hizo, kimbia kituo cha afya.