Pauni Nne za Poplar

Poplar ni mtaa wa mashariki ya London, kando ya mto Thames, palipokuwa na gati za East India, ambako makuli waliishi kwa vibarua: leo pana meli, kesho hapana. Mwaka 1919 wakazi wake walichagua baraza la madiwani wa chama cha Labour, na mwaka uliofuata baraza likawawekea watumishi wake kima cha chini cha mshahara, pauni 4 kwa wiki, mwanamume na mwanamke sawasawa.

Madiwani hao hawakuwa watu wa kutishika. Mwaka 1921 walikataa kutoza kodi ya kupelekwa kwa mamlaka za jiji zima; 30 miongoni mwao, akiwemo George Lansbury, wakafungwa, na humo humo gerezani Brixton wakafanya vikao vya baraza. Serikali ikalegea, mitaa tajiri ikachangia mzigo wa mafukara. Lakini lililoishinda jela, kalamu ya mkaguzi wa hesabu ililiweza. Bei za vitu zilikuwa zimeshuka, Poplar ikashikilia pauni 4 zake. Mkaguzi akakataa pauni 5,000 za matumizi hayo na kuwataka madiwani wazilipe wenyewe.

Shauri zima lilisimama juu ya maneno machache. Sheria ya 1855 iliruhusu baraza kulipa mishahara kadiri lionavyo yafaa. Nani aonaye? Mahakama ya Rufaa iliwapa haki madiwani. Majaji wa Baraza la Malodi, katika hukumu ya 1925, wakasoma ndani ya sheria neno lisiloandikwa: kwa busara. Lord Atkinson alinena kuwa baraza hushika fedha ya walipa kodi mfano wa mdhamini ashikaye amana, na hoja hiyo si ya kubezwa, kwani alipaye si lazima awe ndiye apigaye kura. Ila hakukomea hapo. Aliwasuta madiwani kwa hisani ya kisoshalisti na kwa shauku ya kuwasawazisha wanawake na wanaume. Maneno hayo yangefaa jukwaa la kampeni, ambako msemaji hujibiwa kwa kura. Poplar ilikuwa imekwisha kuulizwa, Novemba 1922, Labour iliposhindwa katika mitaa mingi ya London, nayo ikawarudisha watu wake.

Hoja ya amana haikuzikwa. Mwaka 1981 baraza la jiji la London lilipunguza nauli kwa robo, kama lilivyoahidi kwenye uchaguzi. Malodi wakaishika tena, pamoja na neno jingine la sheria, “kiuchumi”. Machi 1982 nauli zikapanda takriban maradufu.