Metimani: binti alipofukuzwa na mila

Leo boom na supp naweka pembeni, tuongee historia kidogo. Wengi wetu Karatu tunaijua kama mahali pa kunywa soda kabla ya kufika geti la Ngorongoro, basi. Kumbe pale kuna somo zito.

Wairaqw walitokea milima ya Mbulu, wakasambaa hadi Karatu karne ya 20. Walikuwa na mila inaitwa metimani, yaani kumtenga mtu au nyumba iliyohesabiwa kuwa na unajisi. Baada ya vifo fulani, familia ilijitenga na majirani kwa muda. Ila binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alipata kibano zaidi: alitakiwa aondoke nyumbani kwa baba yake kabisa. Iliaminika akijifungulia pale ataleta balaa kwa watu na mifugo.

Sasa aende wapi? Wengi walikimbilia kwa Wadatoga, wale tunaowaita Wamang'ati, jina lililotoka Kimaasai, maana yake maadui. Hawa waliishi Ngorongoro kabla ya Wamaasai kuwasukuma nje karne ya 19, na makaburi ya wazee wao bado yapo kreta. Wamegombana sana na Wairaqw. Lakini kwa hao "maadui" binti aliolewa, na mtoto akahesabiwa wa ukoo wa mume.

Hapo ndipo nakuna kichwa. Kama mimba ile ilikuwa sumu, mbona iliisha nguvu ikivuka mpaka? Majirani wale walionana kila siku, walijua maisha yanaendelea. Jibu langu: hofu. Hata mzazi aliyempenda mwanawe alijua kwamba akimficha, halafu mtu augue kijijini, lawama zote zake. Mila ikawa kichaka cha kujifichia: ukatili unafanyika, ila hauna mwenyewe. Ukiuliza, unajibiwa "ndivyo tulivyokuta".

Na sisi wasomi tusicheke. Shule zetu zilifukuza mabinti wajawazito kwa miaka mingi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ikawekwa humo. Mwaka 2017 Rais Magufuli akasisitiza kwamba hawarudi. Kweli, sheria ya 2016 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini mwenye tumbo ndiye hakuwa na pa kujificha. Ruhusa ya kurudi shule za serikali ilitoka Novemba 2021. Hapakuwa na ng'ombe wa kulinda pale, ila sababu ilikuwa ileile: ataambukiza wenzake.

Sisemi mila zote mbovu, jamani. Nasema tu, ukisikia "ndivyo ilivyo", angalia nani anabeba mzigo na nani amekaa kimya. Haya, ngoja niwahi lecture.