Saa 11 za kuendesha, saa 14 za kazi: Dereva wa lori Marekani anapojifunza kazi ya dispacha

Miongoni mwa Waafrika Mashariki na Wakongomani wanaoishi Marekani, udereva wa malori makubwa ni kazi inayotajwa sana. Wengi huanza kwa kuajiriwa, na baadhi yao baadaye hununua lori lao au huungana na ndugu na marafiki kufungua kampuni ndogo. Hapo ndipo linapozuka swali jipya: nani atatafuta mizigo, nani atapatana bei, na nani atapanga lori lipite wapi na lifike lini?

Kazi hiyo ndiyo ya dispacha. Katika makala hii tunaeleza kazi yenyewe, na tunakaa zaidi kwenye jambo linalowaponza wanaoanza: hesabu ya saa za dereva. Mzigo unaolipa vizuri hauna faida ikiwa saa za dereva hazitoshi kuufikisha.

Dispacha ni nani, na dalali ni nani?

Watu hawa wawili huchanganywa. Dalali wa mizigo husimama kati ya mwenye mzigo na mwenye lori. Sheria ya Marekani inamtaka awe na leseni ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori na mabasi, pamoja na dhamana ya dola 75,000.

Dispacha yuko upande wa mwenye lori. Anapekua masoko ya mizigo mtandaoni kama DAT na Truckstop, anapiga simu kwa madalali, anapatana bei, anapokea hati ya kuthibitisha malipo na kumpa dereva maelekezo. Anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni, mtu wa nje anayelipwa asilimia ya kila mzigo, au dereva mwenyewe. Katika ufafanuzi wake wa mwaka 2023, FMCSA ilieleza kuwa dispacha anayeshika fedha zinazopita kati ya mwenye mzigo na mwenye lori anaonyesha dalili kubwa ya kufanya kazi ya udalali, na huenda akahitaji leseni hiyo.

Kazi hii hufanywa kwa simu na intaneti, kwa hiyo wapo wanaoifanya wakiwa nje ya Marekani. Anayekaa Nairobi au Dar es Salaam akumbuke kuwa saa 2 asubuhi ya Chicago ni saa 10 jioni kwake majira ya kiangazi, na saa 11 jioni majira ya baridi.

Saa zinahesabiwaje?

Kanuni za saa za madereva zilianza kuwekwa Marekani katika miaka ya 1930, na zimebadilishwa mara kadhaa. Kwa dereva wa lori la mizigo, zinazotumika sasa ni hizi:

- Saa 11: Baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, dereva anaruhusiwa kuendesha kwa jumla ya saa 11.
- Saa 14: Saa hizo 11 lazima zitimie ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Saa 14 zikiisha haruhusiwi kuendesha, hata kama bado ana akiba katika zile 11.
- Dakika 30: Akifikisha jumla ya saa 8 za kuendesha bila kukatizwa kwa angalau dakika 30, lazima asimame kwa muda huo. Tangu mwaka 2020 kusimama huko kunaweza kuwa kwa kazi nyingine, kwa mfano kujaza mafuta.
- Saa 60 au 70: Haruhusiwi kuendesha baada ya kufikisha saa 60 za kazi ndani ya siku 7, au saa 70 ndani ya siku 8 kwa kampuni inayofanya kazi kila siku ya wiki. Akipumzika saa 34 mfululizo, hesabu hii inaanza upya.

Anayejifunza hukariri namba 11 kwanza. Kwa dispacha, namba inayoleta matatizo zaidi ni 14. Saa 11 husimama lori linaposimama. Saa 14 haisimami dereva anapokula, anapojaza mafuta, wala anapongoja ghalani. Ikishaanza asubuhi inaendelea hadi mwisho, isipokuwa kwa mgawanyo wa mapumziko tutakaoueleza hapa chini.

Hesabu ya saa 70 nayo ina mtego wake. Ukigawa saa 70 kwa siku 8 unapata saa 8 na dakika 45 kwa siku. Dereva anayefanya kazi saa 14 kila siku atazimaliza zote siku ya tano. Dispacha asiyefuatilia hesabu hiyo anaweza kumpa mzigo siku ya Ijumaa dereva ambaye hana saa hata moja iliyobaki.

Mfano: mzigo wa Dallas kwenda Atlanta

Dallas hadi Atlanta ni takriban maili 780, kiasi cha kilomita 1,255. Tuchukulie mwendo wa wastani wa maili 55 kwa saa. Saa tunazitaja kwa Kiswahili. Katika logi ya dereva saa 12 asubuhi itaonekana kama 06:00.

Dereva amemaliza mapumziko yake ya saa 10 na anaanza kazi saa 12 asubuhi. Anakagua lori kwa nusu saa, kisha anaendesha nusu saa hadi ghalani. Anafika saa 1, lakini wanamaliza kumpakia saa 4 asubuhi. Kwa kuendesha ametumia nusu saa tu, lakini zile saa 14 zimeshaliwa nne, na mwisho wake ni saa 2 usiku.

Zimebaki saa 10. Ukitoa nusu saa ya kusimama na kujaza mafuta, ataendesha saa 9 na nusu, yaani maili 520 hivi. Barabara ya I-20 itampitisha Louisiana na Mississippi, na saa zitamwishia karibu na mpaka wa Alabama. Hapo atalala saa 10, hadi saa 12 asubuhi. Zimebaki maili kama 260, karibu saa 5 za kuendesha. Hata akiondoka bila kuchelewa, atafika karibu saa 5 kasorobo kwa saa za Dallas.

Lakini Atlanta iko mbele ya Dallas kwa saa moja, kwa hiyo huko itakuwa saa 6 kasorobo. Logi ya dereva hufuata saa za makao ya kampuni yake, ilhali miadi ya kushusha hufuata saa za mahali mzigo unakokwenda. Tofauti hiyo ndogo imewachelewesha wengi.

Sasa chukulia dalali amesema mzigo ufike saa 2 asubuhi. Hata kama kupakia kungechukua saa moja tu, dereva huyu angefika Atlanta karibu saa 4 kasorobo. Miadi hiyo haiwezekani kwa dereva mmoja, na dispacha anaweza kulijua hilo kwa dakika mbili kabla ya kukubali mzigo. Akilijua mapema, ataomba miadi ya alasiri au atatafuta mzigo mwingine. Asipolijua, dereva ndiye atakayebanwa akiwa njiani.

Kifaa kinachorekodi

Zamani madereva walijaza logi kwa kalamu, na kalamu iliweza kudanganya. Tangu Desemba 2017 malori mengi yanatakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini. Mwendo ukifikia maili 5 kwa saa, kifaa hurekodi kuwa dereva anaendesha. Mkaguzi wa barabarani ana haki ya kuona logi ya siku hiyo na ya siku 7 zilizotangulia. Dereva aliyepitisha saa anaweza kuzuiwa papo hapo hadi apumzike, na kosa hilo huingia pia katika rekodi ya usalama ya kampuni.

Kwa hiyo dispacha anatakiwa kuisoma logi ya dereva kabla ya kuzungumza na dalali. Swali lake la kwanza kwa dereva liwe: "Umebakiwa na saa ngapi leo, na ngapi kwa wiki?"

Kusubiri ghalani kuna gharama

Kwa kawaida ya biashara hii, saa 2 za kwanza za kusubiri kupakiwa au kushushwa hazilipiwi. Baada ya hapo mwenye lori anaweza kudai malipo ya kusubirishwa, ikiwa yameandikwa kwenye hati ya kuthibitisha malipo na ikiwa ana ushahidi wa saa aliyoingia na aliyotoka. Dispacha asiyehakikisha hayo mapema atadai baadaye bila silaha mkononi.

Gharama yenyewe haiishii kwenye fedha. Mwaka 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikadiria kuwa wastani wa muda wa kukaa ghalani ukiongezeka kwa dakika 15, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2. Madereva wengi hulipwa kwa maili, na aliyepoteza saa tatu ghalani huwa na kila sababu ya kutaka kuzifidia barabarani.

Milango midogo ndani ya kanuni

Kanuni zina nafuu chache ambazo dispacha anapaswa kuzijua pamoja na mipaka yake.

Ya kwanza ni mgawanyo wa mapumziko. Dereva mwenye kitanda ndani ya kichwa cha lori anaweza kugawa saa 10 mara mbili: angalau saa 7 kitandani, na kipande kingine cha angalau saa 2, jumla zisipungue 10. Vipande hivyo havihesabiwi katika saa 14. Kusubiri ghalani kunaweza kuwa kipande kimoja, ikiwa dereva ameachiliwa kweli kutoka kazini. Lakini mgawanyo hauleti saa mpya za kuendesha: baada ya kipande cha pili, hesabu huendelea kuanzia mwisho wa kipande cha kwanza.

Ya pili ni hali mbaya ya barabara, inayoweza kuongeza hadi saa 2. Hutumika kwa jambo ambalo halikuweza kujulikana kabla ya safari, kama theluji ya ghafla au barabara kufungwa kwa ajali. Foleni ya kila jioni haihesabiki.

Ya tatu ni matumizi binafsi ya lori, kama kwenda kula, au kutafuta maegesho salama ya karibu baada ya saa kuishia ghalani. Kuusogeza mzigo mbele kwa kisingizio hicho ni kosa.

Maegesho yenyewe ni sehemu ya mpango. Mwaka 2009 dereva Jason Rivenburg aliwahi kufika katika eneo la kushushia mzigo, akakosa pa kuegesha, akasimama kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa huko South Carolina. Aliuawa na jambazi akiwa ndani ya lori lake. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maegesho ya malori inaitwa Jason's Law kwa kumbukumbu yake. Kupanga dereva afike wapi usiku, na alale wapi, si jambo la kumwachia ahangaike nalo peke yake giza likishaingia.

Haki ya kukataa

Tangu Januari 2016, kanuni za FMCSA zinakataza kampuni, dalali, mwenye mzigo au mpokeaji kumtisha dereva kwa kumnyima kazi au malipo ili avunje kanuni za usalama. Ili haki hiyo isimame, dereva anatakiwa aseme wazi kwamba safari hiyo itamlazimu kuvunja kanuni. Ni vyema aseme kwa maandishi na ahifadhi ujumbe. Malalamiko hupelekwa FMCSA ndani ya siku 90. Aliyefukuzwa au kuadhibiwa kwa kukataa anaweza kulalamika kwa OSHA, idara ya usalama kazini, ndani ya siku 180.

Katika kampuni ndogo shinikizo huja kwa sauti ya upole zaidi. Dispacha ni shemeji, au ni mtu mliyetoka naye mtaa mmoja, na anasema, "Jitahidi tu kidogo, kaka." Kanuni haibadiliki kwa undugu, na faini haigawanywi kwa undugu.

Logi safi haitoshi

Usiku wa Juni 7, 2014, huko New Jersey, lori liligonga gari alimokuwa mchekeshaji Tracy Morgan. Mwenzake James McNair alifariki. Wachunguzi wa NTSB walikuta dereva alikuwa macho kwa zaidi ya saa 28, na saa 14 zake za kazi zilikuwa bado hazijaisha. Kabla ya kuanza zamu alikuwa ameendesha usiku kucha kutoka nyumbani kwake Georgia hadi kazini Delaware.

Logi huonyesha muda ambao mtu hakuwa kazini. Haionyeshi kama alilala.

Kwa hiyo kabla ya kuukubali mzigo, dispacha awe na majibu ya maswali haya:

1. Dereva amebakiwa na saa ngapi katika 11, katika 14 na katika 70?
2. Kupakia kutachukua muda gani, na malipo ya kusubirishwa yameandikwa?
3. Miadi ya kushusha ni kwa saa za eneo gani?
4. Saa zikimwishia, atakuwa wapi, na pana maegesho?
5. Amelala?

Swali la tano halipo kwenye kifaa chochote. Linahitaji simu moja, na utayari wa kumwambia dalali hapana.