Ati Hita ni ya Wazungu? Hebu Tuulize Historia

Julai iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukitoka Limuru kuelekea Nairobi, feni ya hita ya gari letu ilikata. Wiki nzima ilikuwa inashika namba nne peke yake. Moja mpaka tatu, kimya. Asubuhi hiyo hata nne ikagoma. Tulikuwa watu wanne ndani, tunapumua tu, na baada ya dakika chache kioo cha mbele kilikuwa cheupe kama maziwa. Nikawa nafuta kwa mkono wa sweta. Kuna lori la taa moja nililiona likiwa limeshafika. Sitaki hata kukumbuka.

Fundi alicheka. "Hiyo kitu ni ya wazungu, boss. Hapa hakuna baridi."

Wasee, hapo ndipo nilianza kuchimba.

Kusema ukweli, hita ilianza kama starehe. Magari ya kwanza huko Marekani na Ulaya mengi yalikuwa wazi, na abiria walijifunika mablanketi mazito. Mtandaoni utaambiwa Margaret Wilcox wa Chicago ndiye alibuni hita ya gari mwaka 1893. Hataza yake ipo, lakini mabehewa ya reli ndiyo aliyokuwa anapasha moto. Huyo mama apewe heshima yake, ila tusimpe gari ambalo hakuligusa.

Kitu kilichobadilisha mambo kilikuja 1938, kampuni ya Nash ilipotoa mfumo uliovuta hewa ya nje, ukaichuja, ukaipasha kwa maji ya moto ya injini na kuisukuma ndani kwa feni. Hapo kabla, hita nyingi zilizungusha hewa ile ile ya ndani, na hewa ya ndani imejaa unyevu wa pumzi zetu. Hewa ya nje ikipashwa moto inakuwa kavu, na ukungu unapotea. Kumbe kazi kubwa ya ile feni ni macho ya dereva! Lakini hata Nash waliuza kama nyongeza ya kulipiwa.

Volkswagen Beetle haikuwa na maji kwenye injini. Feni ya injini yenyewe ndiyo ilisukuma hewa kupitia joto la ekzosi, kwa hivyo ukisimama kwenye foleni, joto linapungua. Waulize wazee waliokuwa nayo.

Sasa sikia hii. Marekani ilipoanza kutekeleza viwango vyake vya usalama wa magari mwaka 1968, kusafisha kioo cha mbele ukungu na barafu kulikuwa ndani. Na sheria hiyo haiwaachi watu wa Hawaii, kwenye joto. Gari la huko linaweza kusamehewa barafu, lakini ukungu lazima liuondoe. Nikamsomea fundi. Akanyamaza kidogo, akafungua dashibodi.

Tatizo? Resista. Namba za chini hupunguziwa umeme na resista, namba ya mwisho huipita, ndiyo maana nne ilibaki pekee. Resista hupozwa na upepo wa feni hiyo hiyo, na yetu ilikuwa imezibwa na majani ya mkaratusi yaliyoingia chini ya waipa. Mota nayo ilikaa miezi bila kuguswa, grisi ikakauka, na baridi ikaifanya iwe nzito zaidi. Mota nzito inavuta umeme mwingi. Soketi ikayeyuka, basi, na nne ikaenda.

Fundi alibadilisha resista na soketi, akaisafisha mota. Ukienda yadi kununua gari, usiishie kuuliza redio. Washa feni namba moja, mbili, tatu, nne, hata kama jua linawaka. Muuzaji wangu alisema hiyo ya chini "huwa haitumiki", nami nikalipa.