Kutoka Moto hadi Tindikali: Kobalti ya Lualaba

Historia ya ukanda wa shaba wa Lualaba na Katanga, nchini Kongo, huandikwa zaidi kama historia ya migodi na reli: kampuni ya Union Minière ikaundwa mwaka 1906, na mwaka 1931 reli ya Katanga ikaungana na ile ya Benguela huko Dilolo, mpakani na Angola, shaba ikapata njia ya bandari ya Lobito. Lakini ujuzi wenyewe wa kupata metali ndio uliogeuka zaidi. Mafundi wa Basanga na Bayeke waliyeyusha madini ya malakiti kwa makaa wakamimina misalaba ya shaba, yaani walitawala moto. Kiwanda cha Shituru, Likasi, mwaka 1929, kisha Luilu ya Kolwezi mwaka 1960, vilidai kutawala tindikali. Humo madini yaliyosagwa huyeyushwa kwa tindikali ya salfa, umeme ukaivuta shaba, kisha chokaa ikapunguza ukali hatua kwa hatua: kwenye pH ya karibu 3 chuma hujitenga, kwenye karibu 8 kobalti hushuka ikiwa haidroksidi. Na ukali huo hauamui tu kitakachoshuka, huamua pia umbo lake. Ukiondolewa ghafla, chembe nyingi za nanomita huzaliwa kwa mpigo, hakuna inayopata nafasi ya kukua, na tope huwa kama ute, likiziba vichujio na kushikilia uchafu. Chokaa ikitiwa polepole, na sehemu ya tope la awali ikirudishwa tangini, kobalti hujishikiza kwenye chembe zilizopo, zikakua na kuchujika.

Mtu ataniambia kwamba umbo hilo halina thamani, kwa kuwa mnunuzi wa ng'ambo huiyeyusha haidroksidi upya. Ni kweli anaiyeyusha, na hapo ndipo tunapopoteza: huishusha tena pamoja na nikeli na manganizi, kwa amonia, kwenye pH ya karibu 11, hadi apate punje za mviringo zinazofaa betri. Kemia ni ileile ya Luilu, ila imedhibitiwa kwa makini zaidi. Pingamizi kwamba umeme na nikeli havitoshi ni zito zaidi, wala silipuuzi. Hata hivyo manganizi ipo Kisenge, katika eneo la Dilolo lenyewe, na ilisafirishwa ghafi kwa reli ya Benguela hadi vita vya Angola vilipoikata njia mwaka 1975. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini ushirikiano wa kutengeneza betri. Utekelezaji wake uanzie kwa wakemia wa Kolwezi na Likasi, wapewe maabara na matangi ya kujaribia, kwa kuwa nusu ya kazi hiyo tayari wanaifanya kila siku.