Mama wa Siyu na Umri Wake Mrefu

Katika ukurasa huu tunataka kumkumbuka mama mmoja ambaye hakuwa wa kanisa letu, na ambaye jina lake halitajwi popote. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya maji, na maisha yake yana fundisho kwa kila anayeimba.

Sisi watu wa Kau tunaijua njia ya kwenda kwao. Zamani mchele wa Tana ulishuka Mto Ozi, ukapita hapa Kau na Kipini, ukaingia baharini hadi Lamu. Ukivuka Lamu na Manda unafika kisiwa cha Pate, na humo umo mji wa Siyu. Wazee wa huko husimulia kwamba yapata miaka 600 iliyopita merikebu ya Wachina ilivunjika kwenye miamba karibu na Shanga. Mabaharia waliookoka walifika ufukweni, na baada ya kumuua chatu aliyewasumbua wenyeji wakaruhusiwa kukaa. Wakasilimu, wakaoa, wakawa watu wa Pate.

Yapo mambo yanayokaribiana na masimulizi hayo. Kati ya 1405 na 1433 Zheng He aliongoza safari 7 za merikebu za China, na baadhi zilifika pwani yetu. Mwaka 1415 mfalme wa China alipokea twiga kutoka Malindi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata Manda sarafu ya Kichina ya enzi hiyo. Hayo hayathibitishi kila neno la wazee, lakini yanaonyesha kwamba Wachina walijulikana katika bahari hii.

Sasa tuulize: nani aliyeitunza habari ya ukoo huo? Mabaharia hawakuacha kitabu huko Siyu. Lugha yao ilipotea, na watoto wao walipewa majina ya hapa hapa pwani. Kilichobaki ni maneno ya nyumbani. Mama aliwaambia wanawe baba yao alitoka wapi, nao wakawaambia wana wao. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, ilimwalika msichana wa Siyu, Mwamaka Sharifu, na kumpa nafasi ya kusomea tiba ya Kichina mjini Nanjing. Waandishi wa habari walipofika kwao, mamake alikuwa miongoni mwa waliowaeleza asili ya ukoo.

Vitabu huwataja manahodha. Lakini kama yule mama wa kwanza angenyamaza, habari ya mumewe ingeishia ufukweni. Kwa hiyo twasema umri wake haukukoma siku alipozikwa.

Maandiko nayo yanatufundisha hivyo. Mtume Paulo alipoitazama imani ya Timotheo, aliwakumbuka bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Nasi wa Mto Tana tunao mama wa namna hiyo. Mwaka 1963, wataalamu wa muziki walipotayarisha Wimbo wa Taifa, walichukua sauti ya wimbo ambao mama Wapokomo huwabembelezea watoto. Nani aliuimba kwanza? Jina lake hatunalo. Lakini kila asubuhi bendera inapopandishwa, Kenya nzima husimama wima kwa sauti ya mama aliyekuwa akimlaza mwanawe.

Wapendwa, tusidhani nyimbo zetu ziko salama. Maji ya El Niño ya 1997 yalipofurika kwenye delta, yalibeba mali za watu. Mwaka 2012, damu ilipomwagika Riketa na Kilelengwani, nyumba ziliteketezwa na familia zikakimbia. Daftari hulowa, daftari huungua. Na mama mzee akiondoka bila kuulizwa, huondoka na nyimbo zake.

Basi tunawaomba wanakwaya, hasa vijana, mfanye jambo moja kabla ya mwaka huu wa jubilei kwisha. Kila mmoja aende kwa mama au bibi aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kwao. Amwamkie, aketi, amwombe wimbo mmoja. Auandike, airekodi sauti yake kwa simu, aandike na jina lake kamili na la kijiji chake. Nyimbo hizo tuzilete kanisani, tujifunze sauti zote nne, tuziimbe mama wenyewe wakiwa wameketi viti vya mbele.

Mama wa Siyu na mama wa wimbo wa Taifa wamekwisha kutupita bila majina. Wa kwetu bado tunao. Mungu awabariki, na awape siku nyingi.