Ni nani anayekagua ‘kamusi elezo’ ya Kiswahili mtandaoni?

WALIMU wengi wa Kiswahili humu nchini wamewahi kusahihisha insha ambayo mwanafunzi ameinakili kutoka mtandaoni neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Mara nyingi chanzo huwa ni Wikipedia. Mwalimu hupiga mstari mwekundu na kumwonya mwanafunzi asiamini tovuti ambayo kila mtu huandika anachotaka. Onyo hilo lina ukweli nusu tu. Naam, kila mtu anaweza kuandika. Lakini si kila kilichoandikwa hubaki. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: nani hukiondoa kile kisichofaa, na kwa kigezo gani?

Tuanze na jina lenyewe, maana linawachanganya Waswahili. ‘Wiki’ hapa si juma la siku saba. Ni neno la lugha ya Kihawaii lenye maana ya ‘haraka’. Mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Ward Cunningham, alilikumbuka kutoka kwa mabasi yaliyobeba abiria katika uwanja wa ndege wa Honolulu, akaipa tovuti yake jina hilo mnamo 1995. Tovuti hiyo ilikuwa na sifa moja ya ajabu kwa wakati huo: msomaji aliyeona kosa aliweza kulisahihisha papo hapo bila kumwomba mtu ruhusa.

Wikipedia haikuanza kwa uhuru huo. Mnamo Machi 2000, Jimmy Wales na Larry Sanger walizindua ensaiklopidia iliyoitwa Nupedia. Humo, makala yaliandikwa na wasomi na kupitia hatua saba za ukaguzi kabla ya kuchapishwa. Ubora ulilindwa mlangoni. Matokeo? Mpaka mradi ulipofungwa mwaka 2003, makala yaliyokuwa yamevuka hatua zote saba hayakufika hata 30. Januari 15, 2001 waanzilishi hao walifungua Wikipedia kama uwanja wa kando wa kuandalia rasimu za Nupedia. Kufikia mwisho wa mwaka huo uwanja wa kando ulikuwa na makala karibu 20,000. Mtoto akammeza mama.

Msomaji anayeijua historia ya Kiswahili ataona kitu anachokifahamu hapa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, baada ya kikao cha Mombasa cha 1928 kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nayo ililinda ubora mlangoni. Miswada ya vitabu vya shule ilipitishwa kwake ikaguliwe. Tulipata kamusi ya 1939 na tahajia moja kutoka Mombasa hadi Ujiji, na hilo si jambo dogo. Lakini tulilipa gharama. Mwanzoni Waswahili wenyewe hawakuwa na kiti mezani, na Kimvita, lahaja iliyokuwa na utajiri mkubwa wa ushairi, kiliambiwa kisubiri nje. Ukaguzi wa mlangoni huzuia takataka, sikatai. Huzuia pia watu.

Turudi kwa Wikipedia. Uhuru wake uliingia doa kubwa mwaka 2005. Mwezi Mei mwaka huo, mtu fulani aliandika, kwa mzaha wa kumchokoza mwenzake kazini, kwamba mwanahabari mkongwe John Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya John Kennedy na nduguye Robert. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi chini ya huyo Robert. Uongo huo ulikaa hadharani kwa miezi minne hivi bila kuguswa. Novemba, mwenyewe aliandika katika gazeti la USA Today kulalamika, na mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza ikaamua kwamba asiyejisajili hawezi tena kuanzisha ukurasa mpya.

Mwezi huohuo wa Desemba, jarida la sayansi la Nature lilichapisha ulinganisho wake. Lilikuwa limewapa wataalamu makala 42 ya sayansi kutoka Wikipedia na mengine ya mada zizo hizo kutoka Britannica. Wikipedia ilikuwa na wastani wa makosa manne kwa kila makala, Britannica matatu. Britannica walikasirika na kuupinga utafiti huo. Lakini hebu tuyaweke mambo hayo mawili pamoja. Tovuti ileile iliyomsingizia mzee wa watu mauaji ilikuwa inakaribia kimo cha ensaiklopidia ya kuheshimika katika sayansi. Tofauti ilikuwa nini? Makala ya sayansi yalisomwa na wengi waliojua mada. Ukurasa wa Seigenthaler haukuwa na mlinzi.

Ndipo naona kwamba ubora wa kurasa za aina hii hutegemea zaidi macho yanayobaki baada ya mwandishi kuondoka, kuliko ukali wa bawabu. Sheria tatu kuu za Wikipedia (kutoegemea upande, kila dai kuwa na chanzo kinachothibitika, na mwandishi kutoingiza utafiti wake binafsi) zinafaa pale tu penye watu wa kuzisimamia. Wajerumani, kwa mfano, waliongeza utaratibu mwaka 2008 wa kuficha mabadiliko ya wageni hadi mhariri mzoefu ayatazame. Kwao uliwezekana kwa sababu wahariri wazoefu walikuwa maelfu.

Je, sisi? Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Miongoni mwa walioipigia debe mapema ni mwanablogu wa Tanzania, Ndesanjo Macha. Leo ina makala zaidi ya 80,000, na imejijengea msamiati wake ambao wanaisimu wetu wangefaa kuuchunguza. Yenyewe hujiita ‘kamusi elezo huru’. Mhariri aliyepewa mamlaka ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu huitwa ‘mkabidhi’, neno linalotukumbusha Kabidhi Wasii wa Tanzania anayesimamia mirathi. Makala ambayo ni mafupi mno hubandikwa ilani kwamba bado ni ‘mbegu’, na msomaji huombwa ayakuze. Napenda sana istilahi hiyo. Wenzetu wa Kiingereza hapo hutumia neno lenye maana ya kipande kilichosalia baada ya kitu kukatwa. Kiswahili kimeona kitakachoota.

Ila mbegu isiyomwagiliwa maji haioti ati kwa sababu imeitwa mbegu. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Zawadi zilikuwa za kuvutia. Makala yalimiminika kwa mamia. Mengi yalikuwa tafsiri kutoka Kiingereza, na kampuni hiyo ilikuwa na programu ya kurahisisha kazi hiyo. Shindano lilipokwisha mapema 2010, washiriki wengi walitoweka. Waliobaki ni kikundi kidogo cha wahariri wa kujitolea, wakiwa na mrundo wa kurasa za kusafisha ambazo hawakuziomba.

Waswahili hawakuwa peke yao. Kampuni hiyohiyo ililipia tafsiri katika lugha kadhaa za Bara Hindi. Wahariri wa Kibengali walizikataa, wakafuta kurasa. Wahariri wa Kitamili waliketi na kampuni wakadai masharti: mtafsiri ajibu anapoulizwa, na arekebishe alichokosea. Kwangu mimi Watamili ndio waliogusa penyewe. Walichotaka ni mwandishi ambaye bado yupo.

Kuna kisa kingine kinachopaswa kuwatia baridi wapenzi wa lugha. Mnamo Agosti 2020 iligunduliwa kwamba kijana mmoja Mmarekani alikuwa ameandika zaidi ya makala 20,000 katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza. Alianza akiwa mtoto wa miaka 12. Nia yake ilikuwa njema, shida ni kwamba hakukijua Kiskoti. Alichukua sentensi za Kiingereza na kubadilisha maneno kwa kuchungulia kamusi. Kwa miaka saba hivi, aliyetaka kukiona Kiskoti mtandaoni aliona Kiingereza kilichovishwa kanzu. Habari zenyewe huenda zilikuwa sahihi: tarehe sawa, miji sawa. Kilichoharibika ni lugha.

Hapo ndipo ukaguzi wa lugha ndogo unapotofautiana na ule wa lugha kubwa. Kwa Kiingereza, anayekagua hutafuta uongo. Kwa Kiswahili, ni lazima akague pia kama sentensi ni ya Kiswahili. Kiingereza, kwa mfano, kina neno moja kwa ndege tunayemwita korongo na kwa mtambo wa kunyanyua makontena pale bandari ya Kilindini. Mashine isiyojua tofauti hiyo inaweza kumpakua ndege melini. Hilo utalicheka na kulisahihisha. Gumu zaidi ni sentensi ambayo kila neno lake ni la Kiswahili, upatanisho wa ngeli uko sawa, na bado hakuna Mswahili ambaye angeitamka. Hakuna programu ya kukamata waharibifu itakayoiona.

Na usidhani ukiwa na walinzi basi umemaliza. Wikipedia ya Kikroatia ilikuwa na wakabidhi wake, na wao ndio waliogeuka tatizo. Kwa karibu mwongo mmoja kikundi chenye siasa kali za mrengo wa kulia kiliishika, kikaipamba historia ya ufashisti wa nchi hiyo na kuwafungia nje waliopinga. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaambia wanafunzi waepuke toleo hilo. Ripoti ya Wakfu wa Wikimedia kuhusu mkasa huo ilitoka mwaka 2021. Macho yanayokagua lazima yawe mengi, na yasiwe ya ukoo mmoja.

Kwa nini nayasema haya sasa? Programu za akili unde hufundishwa lugha kwa kusomeshwa maandishi yaliyo mtandaoni. Kwa lugha zenye maandishi machache huko, Wikipedia huwa ni sehemu kubwa ya chakula hicho. Tafsiri mbovu ikiingia leo, kesho mashine inaitapika kama Kiswahili, na keshokutwa mtu anaichukua na kuibandika tena kwenye ukurasa. Mwaka 2025 kamati ya lugha ya Wikimedia iliamua Wikipedia ya Kigreenland ifungwe, mojawapo ya sababu ikiwa ni maandishi ya mashine yasiyo na maana ambayo hayakuwa na wenyeji wa kutosha wa kuyakagua. Kiswahili hakijafika huko, kina wasemaji mamilioni kwa mamilioni. Lakini wasemaji si wahariri. Idara zetu za Kiswahili huwapa wanafunzi kazi za kutafsiri kila muhula, karatasi zinasahihishwa, kisha zinakaa kabatini zikikusanya vumbi.

Limebaki suala la chanzo, na hapa nina ugomvi kidogo na sheria zenyewe. Sheria yasema kila dai liwe na chanzo, na kwa desturi chanzo ni kitu kilichochapishwa. Mzee wa Lamu aliyetumia maisha yake katika jahazi anaijua foromali, mkuku na tanga kama anavyojua vidole vyake. Akiandika anachokijua, ataambiwa hana chanzo. Lakini kamusi ya Johann Ludwig Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882 inakubalika bila maswali. Krapf naye aliyapata wapi maneno yake? Aliyaokota vinywani mwa watu wa pwani, Rabai na Mombasa. Kwa hiyo neno la babu ni chanzo likiwa limepitia kwa mmisionari, na si chanzo likitoka kwa mjukuu. Siwezi kuita huo ukali wa kitaaluma.

Simaanishi sheria ya vyanzo itupwe. Bila hiyo kila kijiwe kitakuwa na historia yake. Mwaka 2011, Achal Prabhala wa India aliongoza jaribio nchini India na Afrika Kusini ambapo wenyeji walihojiwa, sauti zao zikarekodiwa, na rekodi hizo zikatumika kama vyanzo vya makala ya Wikipedia. Zilisikilizika, ziliweza kupingwa, na aliyesema alijulikana. Baadhi ya wahariri wa Kiingereza walizikataa, na mjadala haujaisha. Hata hivyo, kila toleo la lugha hujiamulia mambo mengi kupitia jumuiya yake lenyewe. Rekodi ya nahodha wa Lamu ikubaliwe au isikubaliwe katika makala kuhusu jahazi, hilo ni la kujadiliwa kwa Kiswahili, na ukurasa wa kulijadili upo tayari. Unaitwa ‘Jumuia’, na hauhitaji shahada kuandika pale.